Kokoto 20 na bakuli moja: uchambuzi wa mada ya asili ya binadamu na serikali

Insha zilikuwa 35, na nilikuwa nimeshapita nusu. Chini ya aya ya mwisho ya insha moja, kwa penseli hafifu, mwanafunzi alikuwa ameandika: "Mwalimu, siku ile ya kokoto ulitukataza kuongea. Wale watu wa Hobbes nao walikatazwa?" Ilionekana alijaribu kulifuta swali lake, raba ikaacha doa, kisha akaliandika upya juu ya doa lilelile.

Kisa ninachokichambua hapa ni mada moja niliyoifundisha kwa wiki nne, vijana wa miaka 15 na 16, katika somo linalounganisha historia, falsafa na uraia. Mada ilikuwa asili ya binadamu na serikali. Nilikuwa nimeifundisha kabla ya hapo, na kila mara nilimaliza nikiamini kwamba imeeleweka. Swali la penseli lilinionyesha kuwa kilichoeleweka hakikuwa sahihi, na kwamba mimi ndiye niliyekiingiza vichwani mwao.

Mchezo wa kwanza

Kipindi cha kwanza niliwagawa wanafunzi katika makundi saba ya watu watano. Kila kundi lilipewa bakuli la plastiki lenye kokoto 20. Kanuni nilizitaja mara moja tu: nikipiga makofi, kila mtu achukue kokoto kadiri apendavyo. Zitakazobaki bakulini nitaziongeza mara mbili, ila bakuli halizidi kokoto 20. Kuna raundi sita. Kila kokoto ni alama moja katika jaribio la mada. Na hakuna kuongea.

Hesabu yake si ngumu. Kundi likichukua kokoto 10 kila raundi, yaani mbilimbili, zinabaki 10 ambazo zinarudi kuwa 20. Raundi ya mwisho hakuna haja ya kuweka akiba, basi wanagawana zote. Kila mmoja anaondoka na kokoto 14. Bakuli likikombwa raundi ya kwanza, watu watano wanagawana kokoto 20 na mchezo umekwisha: wastani ni nne.

Nilipiga makofi. Mabakuli sita yalikuwa matupu kabla sijashusha mikono. La saba lilibaki na kokoto tatu, zikawa sita, zikaisha raundi ya pili. Kijana mmoja alikuwa amekunja ngumi zote mbili kifuani kama anayezuia kitu kisiruke. Alikuwa na kokoto tisa. Upande wa pili wa dawati hilohilo msichana alikuwa ameketi kiganja wazi, kokoto moja katikati, anaitazama tu. Wengine walikuwa chini ya madawati wakiokota zilizodondoka.

Nikageukia ubao nikaandika maneno ya Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, kuhusu maisha ya watu wasio na mamlaka ya kuwatisha wote: ni ya upweke, ya kimaskini, machafu, ya kinyama na mafupi. Darasa likanyamaza. Kwa mwalimu hakuna ukimya mtamu kama ule, na naamini ndio ulionidanganya.

Jedwali

Kuanzia hapo mada ilikwenda kama inavyokwenda katika madarasa mengi. Nilichora jedwali la safu tatu. Hobbes, mwaka 1651: binadamu ni mbaya, kwa hiyo anahitaji mtawala mwenye nguvu zote. John Locke, mwaka 1689: binadamu ni wa kati, kwa hiyo anahitaji serikali yenye mipaka. Jean-Jacques Rousseau, 1755 na 1762: binadamu ni mwema, jamii ndiyo inayomharibu, kwa hiyo wananchi wenyewe watawale. Jedwali hilo lina raha yake. Linaandikika kwa dakika tano, linakaririka, na linasahihishika. Swali la insha likafuata lenyewe: je, binadamu kwa asili yake ni mwema au mbaya?

Insha zilizorudi zilifanana kama zimetoka kwenye mashine moja. Aya moja kwa kila mwanafalsafa, kisha hitimisho kwamba ukweli uko katikati. Ukisoma insha 20 za namna hiyo unaelewa kwamba hakuna aliyefikiri, na kwamba hukuwaacha na kitu cha kufikiria. Ndiyo maana ile sentensi ya penseli ilinishtua. Ilikuwa ya kwanza kuuliza jambo.

Usiku ule nilirudi kwa Hobbes mwenyewe, si kwenye muhtasari wangu. Katika sura ya 13 ya Leviathan, kitabu chake cha 1651, anamwambia msomaji asiyemwamini ajitazame: anapolala hufunga milango, na hata ndani ya nyumba yake hufunga masanduku yake. Je, kwa kufanya hivyo hawashutumu wenzake sawasawa na Hobbes anavyowashutumu kwa maneno? Hapo ndipo nilipokuwa nikiishia kila mwaka. Mstari unaofuata unasema kwamba hakuna kati yao, si mfunga milango wala Hobbes, anayeishutumu asili ya binadamu. Tamaa na hisia za mtu, anasema, si dhambi zenyewe. Kwa hiyo safu ya kwanza ya jedwali langu ilikuwa imemsingizia.

Anachosema ni kwamba ugomvi una vyanzo vitatu: kushindania vitu, kutoaminiana, na kutaka sifa. Nikamkumbuka yule kijana wa kokoto tisa. Nilipomuuliza siku ile kwa nini amechukua nyingi hivyo, alijibu bila kusita: "Nilijua wangezimaliza." Sikuyapa maneno hayo uzito wowote. Niliandika "ubinafsi" ubaoni. Lakini hakuwa amesema anazitaka, alisema anaogopa. Mtu anayechukua kwa sababu ana uchu na mtu anayechukua kwa sababu hana namna ya kujua wenzake watafanya nini wanaonekana sawa mikono ikishakunjwa. Tofauti yao ndiyo mada nzima, maana uchu hauondoki kwa kuzungumza, ila hofu mara nyingi huondoka.

Safu ya Rousseau nayo haikuwa salama. Katika hotuba yake ya 1755 kuhusu chanzo cha kutokuwepo usawa, anaandika kwamba watu wa hali ya asili, yaani kabla ya kuwepo jamii na serikali, hawakuwa na uhusiano wa kimaadili wala wajibu uliojulikana, hivyo hawangeweza kuitwa wema wala waovu. Na kuhusu hali hiyo yenyewe anakiri kwamba huenda haikuwahi kuwepo. Locke naye hajali sana kama mtu ni wa kati. Kinachomsumbua ni kwamba mahali pasipo na hakimu anayejulikana na wote, kila mtu anakuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe, na hakuna anayejipendelea akaona anajipendelea. Watatu hawa hawabishani kama mtu ni malaika au shetani. Wanabishana juu ya kitu gani kinavunja amani baina ya watu wa kawaida.

Kisha nikafika kwenye jibu la swali la penseli. Liko katika kitabu hichohicho, sura ya nne, sura ambayo sikuwahi kuipeleka darasani kwa sababu inahusu lugha na nilidhani haituhusu. Hobbes anasema kwamba bila usemi kusingekuwepo miongoni mwa watu dola, wala jamii, wala mkataba, wala amani, kama vile visivyokuwepo miongoni mwa simba, dubu na mbwamwitu.

Niliisoma mara tatu. Watu wa Hobbes hawakukatazwa kuongea. Kwa maelezo yake mwenyewe, anayewanyima watu usemi amewaondoa kwanza kwenye ubinadamu ndipo anawatazama wakigombana. Hivyo ndivyo nilivyofanya kwa vijana 35, kisha nikawaambia wamejionea asili yao.

Aliyeweka kanuni

Kosa hili si langu peke yangu, na nadhani linastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu lina historia. Wiki ya pili ya mada niliwasimulia wanafunzi jaribio la gereza la Stanford la Agosti 1971. Vijana 24 waliteuliwa, wakagawanywa kwa bahati nasibu kuwa walinzi na wafungwa katika gereza la kuigiza. Jaribio lililopangwa kwa wiki mbili likasimamishwa baada ya siku sita kwa sababu walinzi walikuwa wakiwanyanyasa wafungwa. Nililitumia kama ushahidi: mpe mtu yeyote rungu, atakuwa katili. Sikuwaambia kwamba mtafiti mkuu, Philip Zimbardo, alijipa cheo cha msimamizi wa gereza lile. Sikuwaambia pia kwamba kuna rekodi ya sauti ambamo msaidizi wake anamsihi mlinzi mmoja aliyekuwa mpole awe mkali zaidi. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akisukuma ukatili, na mtu huyo ndiye aliyekuwa akiandika matokeo.

Majaribio ya Stanley Milgram yanafundisha vizuri zaidi, mradi usiishie kwenye takwimu moja. Katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza swichi hadi volti 450, wakiamini wanamchoma mtu kwa umeme kwa amri ya mtafiti. Hiyo kila mtu anaisimulia. Isiyosimuliwa sana ni aina nyingine ya jaribio hilohilo, ambamo mshiriki aliketi na wenzake wawili waliokuwa wamepangwa na mtafiti wagome njiani. Hapo waliofika mwisho walikuwa wanne tu kati ya 40. Watu wa aina ileile, chumba cha aina ileile, mashine ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alimwona mwenzake akisema hapana.

Na kuhusu bakuli lenyewe, utafiti upo. Garrett Hardin aliandika mwaka 1968 makala maarufu kuhusu malisho ya pamoja: kila mfugaji anaongeza mnyama mmoja kwa faida yake hadi malisho yanakufa. Mchezo wangu ulikuwa mtoto wa makala hiyo. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuchunguza watu wanaotumia kweli malisho, misitu, maji ya umwagiliaji na maeneo ya uvuvi kwa pamoja, na akakuta mara nyingi wamejiwekea kanuni, wakazilinda wenyewe, na rasilimali ikadumu vizazi kwa vizazi. Pamoja na wenzake wawili alifanya pia majaribio ya maabara yanayofanana na mchezo wa kokoto, wakachapisha matokeo mwaka 1992. Washiriki walipoachwa wazungumze tena na tena, hata bila uwezo wa kumwadhibu yeyote, waliafikiana na kufanya vizuri kuliko waliokaa kimya. Kichwa cha makala yao kinamjibu Hobbes moja kwa moja, maana yeye alisema mikataba bila upanga ni maneno matupu.

Nilishawishika wakati huo kugeuza mada chini juu. Ningeweza kuwaletea kisa cha wavulana sita wa Tonga waliokwama kwenye kisiwa cha 'Ata kuanzia 1965, wakaishi huko karibu miezi 15, wakigawana zamu na kulinda moto, hadi walipookolewa Septemba 1966. Ni kisa cha kweli na kinagusa moyo. Lakini wavulana wale walikuwa marafiki, wa shule moja, waliolelewa tayari na watu. Kuwatumia kama ushahidi kwamba binadamu ni mwema kungekuwa kosa lilelile, nikiwa nimebadilisha jibu tu.

Mchezo wa pili

Nilirudi darasani nikawasomea swali la penseli bila kumtaja mwandishi. Nikawaambia kwamba swali ni la haki, kwamba niliwafunga midomo kisha nikawahukumu, na kwamba alama zote za kokoto zimefutwa kwenye jaribio. Hilo la alama lingepaswa kufanyika siku ileile. Kumwekea mtoto kwenye ripoti matokeo ya mchezo uliopindwa ni jambo ambalo hadi leo linanikera. Kisha nikatoa mabakuli tena. Kanuni zilezile, makundi yaleyale, ila dakika mbili za kuzungumza kabla ya kila raundi.

Makundi matatu yaliafikiana mbilimbili, yakasimamia neno lao, kila mtu akaondoka na kokoto 14. Kundi moja lilivunjika raundi ya pili kwa sababu wawili walikuwa na ugomvi walioingia nao mlangoni, na hakuna maneno ya dakika mbili ambayo yangeumaliza. Makundi mawili yalifika mbali kisha yakaanguka karibu na mwisho. Katika mojawapo kijana alieleza waziwazi: raundi ya sita kila mtu atakwapua, basi yeye akaamua akwapue raundi ya tano. Mwenzake akamjibu kwamba yeye alilijua hilo, na alikuwa anafikiria raundi ya nne. Hawa wawili, bila kusoma popote, walikuwa wamegundua kwa nini ahadi yenye mwisho unaojulikana huanza kuoza kutoka mwisho kuja mbele.

Kundi la saba ndilo lililobeba mada iliyobaki. Hawa hawakutaka kuaminiana tena. Walimchagua mlinzi, yule kijana wa kokoto tisa, wakampa bakuli alipakate. Hakuna mwingine kutia mkono. Yeye ndiye atakayegawa. Raundi tatu za kwanza aligawa mbilimbili, wakamsifu. Raundi ya nne akawapa wenzake mojamoja, akachukua sita. Jumla ni 10, bakuli likajaa tena kama kawaida. Raundi ya tano vivyo hivyo. Raundi ya sita akawapa mbilimbili, akabaki na 12. Mwisho wa mchezo yeye alikuwa na kokoto 30, na kila mmoja wa wale wanne alikuwa na 10.

Nilitarajia kelele. Badala yake msichana mmoja wa kundi lile akasema kwa utulivu, "Siku ile nilipata moja. Leo nina kumi." Alikuwa anamtetea mlinzi. Na hoja yake ina nguvu zote za Hobbes: hata mtawala anayejipendelea ni nafuu kuliko vita vya kila mtu na kila mtu. Hobbes aliandika kitabu chake uhamishoni Paris, nchi yake ikiwa imepitia vita vya wenyewe kwa wenyewe na mfalme amekatwa kichwa mwaka 1649. Kwa mtu aliyetoka huko, kumi si haba.

Aliyeketi mkono wake wa kushoto hakukubali. "Ilikuwa iwe kumi na nne," alisema. "Nne zetu ziko mfukoni kwake."

Mabishano yalikolea hadi kipindi kikaisha, na kwa mara ya kwanza katika mada hii hakuna aliyetaja jedwali. Walikuwa wanapima kumi dhidi ya moja, na kumi dhidi ya kumi na nne, na wakitambua kuwa mtu huchagua kipimo kulingana na anachokiogopa. Kipindi kilichofuata niliwapa kifungu cha 93 cha risala ya pili ya Locke kuhusu serikali, pale anapouliza kama kweli watu ni wajinga kiasi cha kujikinga na vicheche na mbweha, kisha wakaridhika, hata wakaona ndio usalama, kuliwa na simba. Sikuhitaji kukifafanua. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza, kisha akainamisha kichwa.

Nilimwita baadaye kumuuliza alipoanza kupanga. Alisema hakupanga. Raundi ya nne aliona bakuli liko mapajani, hakuna anayeweza kulifikia, na hakukuwa na kanuni inayosema yeye achukue ngapi. Namwamini. Ni kijana yuleyule aliyejaza ngumi kwa hofu wiki tatu kabla, na ndiye huyo aliyegawa kwa uaminifu raundi tatu mfululizo. Ukiniuliza kama ni mwema au mbaya, sina cha kujibu. Ninachoweza kusema ni alikaa wapi katika kila mchezo, na ni nani angeweza kumzuia.

James Madison aliliweka hivyo mwaka 1788, akitetea rasimu ya katiba ya Marekani: watu wangekuwa malaika, serikali isingehitajika, na malaika wangewatawala watu, isingehitajika kuidhibiti serikali. Kwa kuwa watawala ni watu, ugumu ni wa aina mbili: kwanza serikali iweze kuwadhibiti wanaotawaliwa, kisha ilazimike kujidhibiti. Mada yangu ya zamani ilikuwa imejaa sehemu ya kwanza. Ya pili nilikuwa naigusa dakika kumi za mwisho, wanafunzi wakifunga madaftari.

Nililiomba kundi la saba litunge kanuni moja tu kwa ajili ya mlinzi, halafu wacheze tena. Walikaa pembeni muda mrefu. Pendekezo la kwanza lilikuwa kumpokea bakuli kila raundi na kumpa mwingine. Wakaliacha, kwa sababu kila mmoja angeiba kwa zamu yake. La pili lilikuwa mlinzi aape, nalo wakaliacha bila mjadala. Walilolishika lilitoka kwa yule msichana wa kokoto moja: mlinzi atoe kokoto 10, azipange mafungu matano mezani, wenzake wachague kwanza, yeye achukue fungu litakalobaki.

Raundi ya kwanza mafungu yalipangwa taratibu sana, kokoto kwa kokoto, vidole vikitetemeka kidogo, na yalikuwa sawa. Yalikuwa sawa raundi zote sita, na mlinzi alikuwa kijana yuleyule. Niliwaambia kwamba James Harrington, mwandishi Mwingereza wa mambo ya siasa, alitoa mfano wa namna hiyo mwaka 1656, wa wasichana wawili na keki moja, mmoja akate na mwingine achague, na kwamba aliujengea hoja kuhusu mabaraza mawili ya utawala: moja lijadili na kupendekeza, jingine liamue. Hawakujali sana kuhusu Harrington. Walitaka kujua kama kanuni yao ina tundu.

Msichana akalitaja yeye mwenyewe. Je, mlinzi akiwanong'oneza wawili kati yao kwamba atawatengea mafungu makubwa, wao wachague kwanza, kisha watamrudishia kidogo? Wanne wanaochagua kwanza si kitu kimoja, alisema, wanaweza kununuliwa. Wenzake wakaanza kupanga nani achague kabla ya nani, na kama mpangilio upigiwe kura mlinzi akiwa nje.

Katika azimio la kazi la mwaka unaofuata, swali la insha la zamani nimeliondoa, jedwali pia. Mchezo wa kimya umebaki, lakini unafuatwa siku hiyohiyo na mchezo wa kuzungumza, na kazi ya kwanza ya wanafunzi ni kuandika ni kanuni gani mwalimu alizoweka na nani alizikubali. Sura ya nne ya Hobbes inasomwa kabla ya sura ya 13. Swali la msichana kuhusu wawili walionunuliwa nimeliweka kuwa kichwa cha wiki ya tatu kama alivyolisema, na wiki hiyo nimeipa vipindi vitano.